Nilivyoipasha Joto Nyumba ya Mabati

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza ya matofali kwenye kilima chetu cha Kilungu, na mume wangu aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amerudi kutoka vita kuu ya pili akiwa na koti la jeshi, kiatu kimoja kizuri na kingine kibovu, na ufundi wa uashi aliofundishwa huko alikopelekwa. Alichoma matofali msimu mzima wa kiangazi. Akaweka vyumba vitatu, madirisha mawili ya vioo, na juu mabati mapya yaliyong'aa hata watu wa ng'ambo ya bonde wakasema wanaona jua likichomoza mara mbili. Siku ya kupaua, wazee walikuja na fimbo zao wakawa wanayagonga wasikie yanavyolia.

Nilikuwa mwenyeji wa nyumba hiyo na bado nikiwa mgeni wa kilima. Mimi nilizaliwa Matinyani, upande wa Kitui, mahali ambapo baridi ni jambo la asubuhi chache za mwezi wa saba, na kufikia saa nne umeshaisahau. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake pia. Nilijua udongo kabla sijajua kusoma. Mume wangu alinikuta sokoni Kabati, alipokuwa akijenga maduka ya huko, nami nimepanga vyungu vyangu chini. Alinunua chungu kikubwa cha maji. Wiki iliyofuata akanunua kingine. Wiki ya tatu nikamwuliza kama anakaa na kijiji kizima, akacheka, akasema anakaa peke yake na ameanza kuchoka. Ndivyo nilivyofika Kilungu.

Hakuna aliyeniambia habari ya ukungu. Mwezi wa sita ulipoingia, ukungu ulishuka kutoka kileleni ukakaa kwenye shamba letu kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya nyumba ya matofali ulipumua ukauona mvuke wa mdomo wako. Asubuhi mabati yalitokwa na jasho, matone yakadondoka kitandani, kwenye unga, kwenye nguo za mtoto. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza mwezi uliotangulia, na kufikia katikati ya mwezi wa saba alikuwa anakohoa kikohozi kidogo kikavu kilichonikata moyo kila nilipokisikia.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima kabisa. Tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Mwanawe alikuwa amemtengea chumba kizuri kuliko chetu. Alilala humo siku mbili, ya tatu akakunja blanketi lake akarudi kwenye nyumba yake ya zamani ya nyasi, ambayo moto wake wa kuni haukuzimika mwaka mzima.

"Mwaitu, umeudhika na nini?" mume wangu akamwuliza.

"Sijaudhika. Nyumba yenu ni nzuri ya kutazama. Nikitaka kuitazama nitakuja mchana."

Nilimwona mume wangu akipitisha kiganja ukutani, pale matofali yalipokutana, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Jeshini alikuwa amejenga kambi nzima. Hakuwa amewahi kufikiria kwamba nyumba inaweza kusimama wima, isivuje, isiwe na ufa hata mmoja, na bado ikashindwa na kibanda cha nyasi.

Basi tukaanza kutafuta namna ya kuipasha joto.

Nilianza na ninachokijua. Siku moja mume wangu akiwa kazini niliingiza mawe matatu katikati ya sebule, nikawasha kuni za miti ya miwati. Nyasi hupitisha moshi polepole, kumbe mabati hayapitishi. Moshi ulipanda, ukakosa pa kwenda, ukateremka tena kututafuta. Jasho la mabati likachanganyika na masizi, matone meusi yakaanza kudondoka. Mume wangu aliporudi alikuta shuka zetu zina madoadoa kama chui. Aliyatoa mawe mwenyewe, moja moja, bila kunigombeza. Nami nilipiga shuka sabuni siku mbili.

Jumamosi iliyofuata alirudi kutoka mjini na jiko la makaa. Alikuwa amelinunua kwa fundi Mswahili, mzee aliyetoka pwani na kufungua karakana yake nyuma ya msikiti, hodari wa kukata bati na kulikunja. Lilikuwa jiko zuri, lenye miguu mitatu na mlango mdogo wa majivu. Makaa yakawaka mekundu, hayana moshi, hayana masizi. Chumba kikapata joto nusu saa haijaisha. Nilimwita mama mkwe. Alikuja, akanyoosha mikono, akaiweka kwenye magoti, akakaa mpaka jioni.

"Hili sasa ni jambo," alisema.

Kwa wiki mbili alikuja kila siku kulea mjukuu wake mbele ya jiko, na mimi nikaanza kuamini tumemaliza.

Kisha ikaja asubuhi moja ya manyunyu. Mume wangu alikuwa ameondoka mapema kwenda kujenga shule ya kanisa. Nilimwacha mtoto na mama mkwe, nikachukua mtungi kwenda mtoni. Njia ilikuwa ya utelezi, nikachelewa. Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Nikaita hodi, kimya. Nikasukuma, mlango ukagoma kidogo kwa chini; mama mkwe alikuwa amesokomeza gunia kwenye upenyo ili upepo usimpige mtoto.

Nilipoingia nilidhani wamelala. Mama mkwe ameegemea ukuta, kinywa wazi, mtoto mapajani mwake. Jiko linawaka vizuri tu. Nikamgusa mtoto, kichwa chake kikaanguka upande mmoja kama cha mwanasesere. Mtungi sikumbuki niliuweka wapi. Nilimnyakua mtoto nikakimbia naye nje kwenye manyunyu, nikampuliza usoni, nikampiga makofi kwenye nyayo, huku nikipiga yowe. Jirani yetu, mama mmoja mnene ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikuja mbio akaingia ndani, akamburuta mama mkwe kwa makwapa hadi uani.

Mtoto alilia. Kwanza kidogo, kama paka, halafu kwa nguvu zake zote. Nimesikia kwaya nyingi maishani mwangu. Hakuna iliyonifurahisha kama kilio kile.

Mama mkwe alizinduka akatapika. Kichwa kilimuuma siku nzima. Alipopata nguvu ya kusema, alisema, "Nilisikia usingizi mtamu sana. Sijawahi kusikia usingizi mtamu namna ile." Hapo ndipo nilipoelewa kuwa makaa yale yasiyo na moshi yangewalaza wasiamke tena.

Mume wangu alipofika jioni nilimweleza. Alikaa chini juu ya kizingiti, na kofia yake mkononi.

"Aliniambia," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Yule mzee fundi. Alinishika mkono kabisa akaniambia, mwanangu, liwashie nje, na ndani usifunge mlango wala dirisha. Niliwaambia habari ya kuwashia nje. Ya mlango niliisahau."

Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu nilimwona amesimama nje ya dirisha la mtoto, amekunja mikono, anasikiliza kama anapumua, nikaona hasira yangu haina kazi tena. Jiko lilitolewa nje na likatuchomea mahindi miaka mingi. Lakini mama mkwe alirudi kwenye nyasi zake, na safari hii alimchukua mjukuu wake alale naye. Usiku nilivuka ua kwenda kumnyonyesha. Nilikuwa mwanamke mwenye nyumba ya matofali ambaye mtoto wake analala kwa bibi yake kwenye nyasi.

Tulishuka Machakos kuangalia stovu ya mafuta ya taa iliyokuwa ikisifiwa. Mwenye duka, Mhindi mpole, alituwashia moja juu ya kaunta. Nikaweka mkono mbele yake: moto. Nikauweka nyuma: baridi. Macho yakaanza kunitoka machozi kwa harufu.

"Na nikiizima?" nikamwuliza.

"Ukiizima, imezima, mama."

Mume wangu alikuwa ameshaanza kutafuta mfuko wa koti. Nikamshika kiwiko, tukatoka.

Mahali pa mwisho tulipokwenda ni nyumba ya mmishonari. Mume wangu alikuwa amewahi kutengeneza ukuta wao, akajua kwamba sebuleni wana moto uliojengwa ndani ya ukuta na bomba la kupeleka moshi juu. Aliutaka moto ule. Alikuwa amekwisha kuupima kwa macho na anajua matofali mangapi yatatosha. Mke wa mmishonari alitukaribisha chai. Moto ulikuwa unawaka vizuri, na yeye amekaa karibu nao, amevaa sweta mbili na shali mgongoni. Nikamtazama, nikautazama moto, nikaona jinsi miali yote inavyokimbilia juu kwenye bomba. Walikuwa wanaipasha joto mbingu ya Kilungu.

Alinipeleka jikoni kuosha vikombe, na huko nikapita kwenye chumba chao kidogo cha kuwekea vyakula. Nikaegemea ukuta. Ulikuwa una joto. Si moto, joto, kama ubavu wa ng'ombe.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?" nikauliza.

"Kuna moto wa chumba cha kulala," akasema. "Lakini tuliuzima tangu jana."

Nilisimama pale na kiganja changu ukutani mpaka akadhani naumwa.

Mfinyanzi yeyote angeelewa. Kwetu Matinyani, tukishachoma vyungu na kuviondoa, ile ardhi na mawe tuliyochomea hubaki na joto hadi kesho yake. Mbuzi wanajua hivyo. Ukiamka asubuhi unawakuta wamejilaza pale pale. Moto wenyewe umekwisha kuwa majivu, lakini udongo umeshika kilichokuwa chake na unakitoa polepole. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa nawaza mbuzi.

"Sitaki moto wa ukutani," nikamwambia mume wangu. "Nataka kitanda cha mawe na udongo, sebuleni, kando ya ukuta unaopakana na kibanda cha jikoni. Moto uwashwe jikoni ninapopikia. Moshi upite ndani ya kitanda, uzunguke, ndipo utoke nje kwa bomba. Moshi utoke ukiwa umechoka, umeuacha moto wote ndani."

Alisimama njiani. "Wewe unajua vyungu. Hii ni kazi ya uashi."

"Uashi wako unajua kusimamisha ukuta. Kukaa na moto unajua nini?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye kijito, ndipo akageuka akauliza, "Hiyo njia ya moshi iwe na upana gani?" Hapo nilijua nimeolewa na mtu.

Tulijenga kwa wiki mbili. Yeye alipanga mawe na kutengeneza njia ya moshi iliyokwenda na kurudi mara moja kabla ya kufika kwenye bomba. Mimi nilifinyanga udongo. Nilikuwa bosi wake, na nakiri nilifurahia. Kwetu mwanaume hakaribii mahali pa kuchomea vyungu. Yeye aliponiona nimesita kumpa tope alikanyage, akavua viatu akaingia. Fundi mwenzake aliyekuwa akijenga naye shule alipita kututazama. Aliangua kicheko. Akasema amejenga makanisa na madaraja, hajaona mtu akijenga kaburi sebuleni, na kwamba siku mwanamke atakapompangia kazi, ataweka mwiko chini akauze ndizi.

Tulipowasha, yalitokea yale yule fundi aliyotaka yatokee. Udongo ulipasuka. Ufa mrefu ulipita juu ya kitanda kutoka kichwani hadi miguuni, mwingine ukakatiza, na moshi ukachomoza kila mahali kama mvuke wa chungu cha uji. Habari zilienea kilimani kabla moto haujazimwa. Jumapili kanisani niliwaona wanawake wakipeana viwiko.

Nilikaa mbele ya ule ufa siku nzima. Sikuona aibu ya kushindwa. Nilijiona mjinga, kwa sababu nilijua kosa langu. Nilikuwa nimefinyanga kama mwashi. Nilikuwa na haraka, nikatumia udongo mwekundu wa pale pale shambani, nikaukausha kwa moto. Hakuna mtoto wa mfinyanzi wa Matinyani ambaye angefanya hivyo kwa chungu cha mboga. Udongo utakaokaa na moto lazima uchanganywe na udongo uliokwisha kuona moto: vigae vilivyopondwa, laini kama unga wa mtama. Vigae ndivyo vinavyouzuia kupasuka.

Nilishuka bondeni nikatafuta udongo wa kijivu kando ya mto kwa siku tatu, nikaupata chini ya mizizi ya mkuyu. Vigae nikaomba kwa majirani. Walinipa, wengine kwa huruma, wengine wapate kisa cha kusimulia. Havikutosha. Nikavitazama vyungu vyangu. Nilikuwa na vinne nilivyokuja navyo kutoka kwetu, vimefinyangwa na mama yangu, vikabebwa kwa lori kwenye nyasi kama mayai. Nilichukua vitatu nikavivunja kwenye jiwe, nikavisaga. Mume wangu alinikuta nikisaga.

"Hivyo ni vya mama yako."

"Ndiyo maana ninavitumia. Hivyo havijawahi kupasuka."

Alikaa chini akachukua jiwe la pili, tukasaga pamoja.

Safari hii nilikataa haraka. Udongo ulilala siku nne chini ya magunia yenye maji. Tukabandua ule uliopasuka, nikaupaka mpya tabaka jembamba, nikaliacha, nikapaka jingine, nikasugua kwa kokoto hadi juu pakang'aa. Kitanda kikakauka mwezi mzima, madirisha wazi, bila kuona moto. Watu waliacha kuuliza. Kisha nikawasha moto wa vijiti vya kushika kwa kiganja kimoja. Kesho yake vijiti zaidi. Siku ya sita nikapika muthokoi, mahindi yetu yaliyotwangwa yanayotaka kuni za kutwa nzima. Nilipika tangu asubuhi, na kila saa nilitoka jikoni nikapiga magoti nikapita juu ya kitanda kwa vidole, natafuta ufa kama mtu anayetafuta sindano.

Hapakuwa na ufa. Nje, moshi mwembamba mweupe ulitoka kwenye bomba. Mume wangu alipanda ngazi akaweka mkono juu yake, akashuka akicheka. "Umechoka," akasema. "Moshi wako umechoka kabisa."

Tulimwita mama mkwe. Alikuja amembeba mjukuu, akasimama mlangoni. Kwanza akachungulia kama kuna jiko la makaa. Akaangalia dirisha, nikalifungua mbele ya macho yake, likabaki wazi upana wa mkono. Akasogea, akaweka kiganja juu ya kitanda, akakiondoa, akakirudisha. Akakaa. Baada ya muda akapandisha mguu mmoja, kisha wa pili, akajinyoosha na mtoto kifuani, akafumba macho. Nikamsogelea kwa hofu ya siku ile.

"Usinitazame hivyo," akasema bila kufumbua macho. "Sijalala. Naskiza magoti yangu."

"Yanasemaje, Mwaitu?"

"Yanauliza, huyu binti wa Kitui alikuwa wapi siku zote?"

Nilikwenda jikoni nikajifanya nakoroga muthokoi.

Asubuhi iliyofuata moto ulikuwa majivu na kitanda kilikuwa bado na joto. Jasho la mabati lilikuwa limekauka. Mama mkwe hakurudi tena kulala kwenye nyasi. Badala yake aliwaita wazee wenzake wa kike, mmoja mmoja, kila mtu na mkongojo wake, akawapangia nafasi juu ya kitanda changu kama mwenye duka. Wale waliopeana viwiko kanisani walikuja pia, nami niliwapa uji. Kikohozi cha binti yangu kilipona kabla ya mvua za vuli.

Siku moja alikuja mkunga wa zahanati ya bondeni. Alikuwa amesikia kwa wale bibi. Alikaa, akauliza maswali ya maana: kuni kiasi gani, joto linakaa saa ngapi, moshi unapita wapi. Kisha akasema ana chumba cha wazazi chenye sakafu ya saruji, na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wao huwafunga kwa pamba na chupa za maji ya moto zinazopoa upesi. Akamgeukia mume wangu.

"Fundi, unaweza kutujengea?"

Mume wangu alikuwa mtu wa majivuno yake, na nyumba ile ilikuwa jina lake. Wengi walikuwa wanamsifu yeye kwa kitanda, na sikuwahi kumlaumu kwa kutowasahihisha. Wanaume hukutana njiani na kusifiana. Nikamtazama nione atasema nini.

"Mimi hupanga mawe," akasema. "Fundi ni huyu. Zungumza naye."

Yule mkunga akanigeukia, akaanza upya maneno yake yote, na safari hii aliniita fundi.

Tulijenga kitanda cha zahanati mwanzoni mwa kiangazi ili kikauke vizuri. Kilikuwa kirefu kuliko cha kwetu, na chini zaidi, mama aweze kukaa bila kupanda. Kanisa lilituma fundi wa kusaidia kubeba mawe. Akawa yule yule wa kaburi. Alifika, akanisalimu akitazama pembeni, akauliza aanze wapi. Nikamwonyesha palipo na tope, nikamwambia avue viatu. Mume wangu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Lakini alikuwa mfanyakazi mzuri, na alitaka kujua. Kufikia wiki ya pili alikuwa anaponda vigae bila kuagizwa, anauliza mbona hivi, mbona vile, nami namweleza yote. Alikuja kujenga vingine vitatu huko Mbooni, na kila alipoulizwa aliwaambia waje kwangu kwanza wapate udongo.

Mtoto wa kwanza kulazwa juu ya kitanda cha zahanati alikuwa wa kiume, mdogo, angeenea kwenye bakuli. Mkunga alinitumia habari nikaenda kumtazama. Mama yake, msichana ambaye hata hakunijua mimi ni nani, alikuwa amelala ubavu, mtoto kati yake na ukuta, wote wawili bila jasho na bila kutetemeka. Nje ukungu ulikuwa umejaa hata mti wa uani hauonekani. Nilipitisha mkono chini ya blanketi, nikagusa udongo wangu. Ulikuwa na joto sawasawa, kichwani hadi miguuni.

"Wewe ni muuguzi mpya?" yule msichana akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyejenga hicho unacholalia."